Anza na Mwisho wa Safari: Kuchagua Chuo cha Kriminolojia Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yanapotangazwa, mlango wangu hapa Nakuru haufungwi. Nilifanya kazi ya probesheni, yaani kuwasimamia wakosaji waliopewa kifungo cha nje, kwa miaka mingi, kwanza Kisumu kisha Kakamega, na mtaa mzima unajua kwamba nimezeeka nikiwasikiliza watu waliofikishwa mbele ya hakimu. Basi kijana anayetaka kusomea mambo ya uhalifu hutumwa kwangu na mamake. Huketi, akamiminiwa chai, kisha huuliza lile lile: "Shangazi, chuo kipi kizuri cha kriminolojia?"

Nami humrudishia swali. "Mwanangu, ukishahitimu, Jumatatu saa mbili asubuhi unataka uwe umeketi wapi?"

Wengi hunyamaza. Hapo ndipo kazi huanza, kwa sababu jina la chuo ni jambo la mwisho kuamuliwa. Ninayoandika hapa ndiyo ninayopitia na vijana hao mezani, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya kwanza: Itaje kazi kabla ya chuo

Kriminolojia ni elimu inayochunguza kwa nini watu hufanya uhalifu, jamii huupokea vipi, na adhabu hufanya nini kwa mkosaji, kwa aliyekosewa na kwa jirani. Ni tawi la sayansi ya jamii. Haya ninayarudia mpaka yaingie, kwa kuwa aina tatu za vijana wanaonijia huwa wanataka kitu kingine kabisa bila wao kujua.

Wa kwanza anataka kuwa polisi. Huyu namwambia ukweli: konstebo huajiriwa kwa KCSE ya D+, akiwa na D+ ya Kiingereza au Kiswahili, kisha hupelekwa mafunzoni, kwa mfano Kiganjo. Shahada si sharti. Kusoma miaka minne ili ukasimame kwenye foleni ambayo ungeweza kusimama tangu siku ile ulipomaliza kidato cha nne ni uamuzi wa kufikiria mara mbili, hasa kwa kuwa usajili una kikomo cha umri. Shahada inaweza kukufaa baadaye ndani ya kazi, na kuna wakati wahitimu hutafutwa kwa ngazi ya inspekta, lakini nafasi hizo ni chache na hazina ratiba ya kutegemea. Kuhusu DCI, idara ya upelelezi wa jinai, fahamu kwamba wapelelezi kwa kawaida huchukuliwa kutoka miongoni mwa polisi walio kazini tayari.

Wa pili ameona kwenye televisheni watu waliovaa makoti meupe wakipima damu na nyuzi za nguo. Hiyo ni kazi ya maabara. Maabara ya kitaifa ya DCI iliyofunguliwa mwaka 2022, na ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, zinahitaji watu wa kemia, biolojia na biokemia. Kama ulifanya vizuri katika sayansi na hiyo ndiyo ndoto yako, tafuta shahada ya sayansi ya aina hiyo. Mtu wa kriminolojia hataruhusiwa kugusa kile kipimo.

Wa tatu anataka kusimama mahakamani kutetea watu. Huyo aende akasome sheria, kisha apitie Chuo cha Sheria cha Kenya na mitihani ya uwakili. Kriminolojia itamfundisha sheria ya jinai, lakini haitamfanya wakili.

Wanaobaki ndio wetu. Wapo wanaotaka probesheni, magereza, ofisi za watoto au programu za kuwarudisha wafungwa katika jamii. Wapo wanaopenda utafiti, na hao wakijue Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wapo wanaotaka kuwasimamia polisi kupitia IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, au kuchunguza ulaghai katika benki, sacco na kampuni za bima. Wapo wanaotaka uongozi katika kampuni za ulinzi, sekta iliyopata sheria yake mwaka 2016.

Ukishaitaja kazi, fanya jambo moja ambalo karibu hakuna anayelifanya: tafuta matangazo ya zamani ya Tume ya Utumishi wa Umma ya kazi hiyo uyasome. Tangazo huorodhesha shahada zinazokubaliwa. Andika maneno yale kama yalivyo. Baadaye utayalinganisha na jina la kozi ya chuo, maana kuna "Kriminolojia", "Kriminolojia na Masomo ya Usalama", "Usimamizi wa Usalama", "Haki ya Jinai", "Masomo ya Amani na Usalama". Masikioni ni ndugu, lakini kwa karani anayechuja maombi mia kadhaa, jina lisilo kwenye orodha yake laweza kukuacha nje.

Hatua ya pili: Chuo, kozi na kampasi, kila kimoja na idhini yake

Kwa shahada, mwenye neno la mwisho ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Watu hukagua kama chuo kimeidhinishwa wakaridhika. Hiyo ni theluthi ya kazi. Chuo chaweza kuwa na hati halali na bado kikatangaza kozi ambayo haijapitishwa. Na kozi iliyopitishwa kwa bewa kuu haimaanishi kwamba ghorofa ya pili juu ya duka la simu mjini nayo ni kampasi halali. Ingia kwenye tovuti ya tume, tafuta jina la chuo, tafuta jina la kozi, kisha uulizie kampasi unayopelekwa. Kama ni stashahada katika chuo cha kiufundi, msimamizi ni TVETA, mamlaka ya elimu ya kiufundi, na swali la pili ni nani anayetahini.

Uuguzi una baraza lake, na elimu ya sheria ina baraza lake, yanayokagua chuo kabla hata mzazi hajauliza. Kriminolojia haina baraza la leseni la namna hiyo. Ukaguzi unaobaki ni wa CUE na wa macho yako mwenyewe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mabango ya vyuo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima pale stendi ya matatu yapite tu. Na mtu yeyote anayekuambia kwamba ukisoma kozi yake ya miezi sita "nafasi ya polisi ipo tayari" anakuibia. Anayekuahidi shahada ya miaka miwili bila kuuliza ulisoma nini kabla, huyo naye ni wale wale.

Hatua ya tatu: Alama zako na KUCCPS

Mlango wa shahada ni wastani wa C+ katika KCSE, na wa stashahada ni C-. Ukiwa na C+ au zaidi, unaomba kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, na kule kinachoamua ni pointi za klasta, ambazo kilele chake ni 48. Pointi hizo huzingatia masomo manne ya kozi yenyewe, kwa hiyo wawili wenye C+ sawasawa wanaweza kutofautiana sana kwenye kozi moja.

Kuna kosa moja ambalo limewanyima usingizi watoto wengi bure. Zile pointi za mwaka uliopita unazoziona kwenye tovuti hazikuwekwa na chuo kama uzio. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi mwaka ule. Zinapanda na kushuka kulingana na walioomba. Zitumie kupanga machaguo yako: moja la juu kidogo ya uwezo wako, mawili yaliyo sawa nawe, na moja ambalo una uhakika nalo. Kozi ile ile unaweza kuiweka katika vyuo tofauti.

Mwenye C- asikate tamaa wala asikubali kuharakishwa. Stashahada ya kriminolojia au ya maendeleo ya jamii ni njia nzuri ya kufikia shahada, mradi uulize mapema chuo kikuu unachokilenga kinapokea stashahada ya wapi, na ni masomo mangapi utasamehewa. Jibu liwe kwa maandishi. Nimemwona kijana aliyeahidiwa kwa mdomo kwamba angeingia mwaka wa pili, akajikuta anaanza wa kwanza na karo ya mwaka mzima juu yake.

Hatua ya nne: Omba mtaala uusome

Kila idara ina orodha ya masomo kwa miaka minne. Iombe. Chuo kisichotaka kukuonyesha unachoenda kununua kimeshakujibu.

Kwanza natafuta utafiti na takwimu. Vijana huyakimbia masomo haya, nao walimu wavivu huwafurahisha kwa kuyapunguza. Lakini ukiandika ripoti kwamba wizi umeongezeka mtaani, hakimu, kamishna wa kaunti na mfadhili watauliza swali moja: umejuaje? Nataka angalau masomo mawili ya utafiti, moja la takwimu, na mradi wa mwaka wa nne ambao mwanafunzi hukusanya data mwenyewe.

Pili natafuta sheria zilizo hai. Angalia kama sheria ya watoto inayofundishwa ni ile ya mwaka 2022. Sheria hiyo ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mwanafunzi anayefundishwa kwa daftari la zamani la mhadhiri ataingia ofisi ya watoto Kisumu akimwita mtoto wa miaka tisa mshtakiwa, na atatuumiza sote. Angalia pia kama Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 na ile ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 zimo.

Tatu, nadharia. Ni lazima usome jinsi Lombroso, daktari wa Italia, mwaka 1876 alivyodai kwamba mhalifu huzaliwa na alama za uhalifu mwilini, na kwa nini dai hilo lilikataliwa. Ni lazima umsome Sutherland, msosholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1939 aliwageuza wasomi macho kutoka kwa mwizi wa kuku hadi kwa mwizi aliyevaa suti. Lakini baada ya hapo natafuta kwetu: wizi wa mifugo, kesi za mashamba zinazozaa damu baada ya mazishi, washukiwa wanaochomwa na umati, ulaghai wa pesa za simu, maridhiano ya wazee na mipaka yake. Mtaala usiotaja hata kimoja umenakiliwa kutoka mahali.

Na nne, kitu cha kuongezea. Nasema hili kwa upendo, kwa kuwa wahitimu ni wengi kuliko nafasi: chuo kinachokuruhusu kuchukua uhasibu, ushauri nasaha, uchanganuzi wa data au lugha ya ishara kando ya kriminolojia kinakupa mguu wa pili wa kusimamia. Katika miaka yangu yote nilikutana na watu wachache mno mahakamani wanaoweza kuzungumza na shahidi kiziwi.

Hatua ya tano: Uliza mafunzo ya nyanjani yanafanyika wapi

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Binti mmoja wa kanisani kwetu alisoma katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Wakati wa mafunzo ya nyanjani ulipofika, ofisi ilimpa barua yenye mstari mtupu pa kujaza jina la taasisi, ikamwambia ajitafutie. Alizunguka wiki nne. Mwishowe akaishia langoni kwa duka kubwa, akiandika namba za magari kwenye daftari kwa miezi mitatu. Alirudi na ripoti ya kurasa ishirini kuhusu daftari hilo. Alikuwa mwerevu, na bado nikikumbuka roho huniuma.

Mwingine, aliyesoma Kakamega, aliletwa ofisini kwetu na mhadhiri wake mwenyewe. Siku ya tatu alikuwa amekaa nami kwenye nyumba ya udongo kijijini, akisikiliza mama wa kijana aliyevunja duka. Tulikuwa tunaandaa ripoti ambayo hakimu huisoma kabla ya kuamua kama kijana aende ndani au apewe kifungo cha nje. Aliandika rasimu, nikaichana, akaandika tena. Alipoomba kazi baadaye, alikuwa na la kusema.

Hapo ndipo eneo letu lina baraka. Ukisoma Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, uko umbali wa matatu moja kutoka mjini Nakuru, penye mahakama, gereza na ofisi za kaunti, na Gereza Kuu la Naivasha liko katika kaunti hiyo hiyo. Ukiwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, uko ndani ya mji wa Kakamega wenye mahakama na gereza, na nje kidogo kuna Shikusa, penye taasisi ya borstal ya kurekebisha wavulana, ambazo nchini ni za kuhesabika kwa vidole. Anayeishi upande wa Kisumu na Maseno hupita gereza la Kodiaga kwenye barabara ya Busia kila siku. Gereza lile ni darasa kubwa, kama chuo chako kimeingia nalo katika makubaliano. Kozi za vyuo vingine vya ukanda huu, kuanzia Kabarak hadi Bondo na Bungoma, zitazame kwenye tovuti ya KUCCPS kwa mwaka unaoomba, kwa kuwa hubadilika.

Ukifika idarani, uliza hivi bila haya: Mwaka jana wanafunzi wenu walienda wapi? Nani huandika barua na nani huzifuatilia? Mhadhiri huja kunitembelea mara ngapi? Bima ya ajali ni ya chuo au ni yangu? Jibu zuri lina majina ya vituo. Jibu baya ni "sehemu mbalimbali."

Nawe jiandae mapema. Taasisi nyingi huomba cheti cha tabia njema kutoka DCI, ambacho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupigwa alama za vidole, kwa mfano kwenye Huduma Centre. Magereza huhitaji idhini inayochukua muda, kwa hiyo barua iende miezi kadhaa kabla. Na faili za watoto ni siri. Ukipiga picha ukurasa mmoja tu na kuutuma kwenye WhatsApp, umejifungia milango yote.

Hatua ya sita: Hesabu pesa mpaka shilingi ya mwisho

Tangu mwaka 2023 wanaopangiwa vyuo vikuu vya umma huomba ufadhili na mkopo kwa pamoja, na kiasi hutegemea hali ya familia. Jaza fomu kwa ukweli na kwa uangalifu, kwa kuwa kundi unalowekwa ndilo linaloamua sehemu ya karo ambayo nyumbani watalipa. Ukiona umewekwa pasipofaa, kata rufaa. Anayepangiwa chuo cha kibinafsi hapati ufadhili huo wa serikali, ila anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mkopo ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na utaanza kudaiwa baada ya kuhitimu hata kama bado unatafuta kazi.

Karo si gharama yote. Chukua karatasi, andika chumba, chakula, nauli, kitambulisho cha chuo, bima, na ile miezi ya mafunzo ya nyanjani ambayo hulipwi ilhali nauli inakwenda kila siku. Mtoto wa Nakuru anayekwenda kusoma mbali ilhali kozi ile ile iko Njoro lazima awe na sababu nzito. Kulala nyumbani kwa miaka minne kunaokoa pesa ambazo zingenunua kompyuta na kozi ya uhasibu.

Hatua ya saba: Nenda ukaone kwa macho

Nenda siku ya kazi, usiende siku ya maonyesho. Ingia maktaba, tafuta rafu ya kriminolojia, fungua vitabu vitatu utazame mwaka wa kuchapishwa. Soma ubao wa matangazo wa idara, kwa sababu pale ndipo utaona kama mitihani inafanyika kwa wakati na kama alama zinapotea. Neno "alama zilizokosekana" likijaza ubao, wanafunzi hao watachelewa kuhitimu.

Kisha keti kibandani pa chapati nje ya lango, umnunulie mwanafunzi wa mwaka wa nne chai, umuulize wahadhiri wangapi wa idara ni wa kudumu na wangapi wanakuja na kuondoka. Muulize kama yupo aliyewahi kufanya kazi polisi, magereza, mahakamani au kwenye probesheni. Huyo wa kibandani hana sababu ya kukudanganya. Mzazi, mwache mtoto aulize mwenyewe. Wewe sikiliza tu.

Hatua ya nane: Ukipangiwa usipopapenda, na wiki ya kwanza

KUCCPS hufungua dirisha la kuhama baada ya matokeo ya upangaji. Ni fupi, na linategemea pointi zako na nafasi zilizobaki, kwa hiyo anza kulifuatilia siku ile ile matokeo yanapotoka. Barua ya kujiunga ipakue mwenyewe kutoka tovuti ya chuo. Ukiletewa na mtu anayetaka "pesa ya kushughulikia", kataa, kisha piga simu ofisi ya usajili. Karo iingie kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye barua hiyo, kamwe isiende kwa namba ya simu ya mtu.

Na tangu muhula wa kwanza, nunua faili ngumu. Weka kila risiti, kila karatasi ya matokeo, na maelezo ya kila somo kama mhadhiri alivyoyatoa. Siku utakapotaka kuhama chuo, au kuombea shahada ya uzamili, au kumwonyesha mwajiri kwamba ulisoma takwimu kweli, karatasi hizo ndizo zitakazoulizwa, na idara nyingi huwa hazina nakala ya miaka mitano iliyopita.

Yule kijana wa mwisho kunijia aliondoka na kipande cha karatasi chenye maneno mawili: "probesheni" na "Kakamega". Wiki iliyofuata alipanda matatu akaenda kuulizia.